Suruali Iliyofuliwa

Birindwa alikuwa fundi, na hilo alitaka ulijue hata kabla hujajua jina lake. Huko Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, alishonea suti mabwana harusi, makanzu mapadri na sare watoto wa shule, kwa cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na baba yake. Alipofika Louisville, Amerika, walimpa kazi ya kubeba maboksi ghalani. Akayabeba miaka minne, mgongo unauma na moyo unauma zaidi. Siku alipopata kazi katika karakana ya Wendell alirudi nyumbani akamwambia mkewe Nsimire, "Mama Aganze, leo nimekuwa mtu tena."

Kazi yenyewe, jamani, mwanzoni ilimchekesha. Wendell, Mzungu mwenye ndevu nyeupe na goti bovu, alikuwa anakusanya nguo za jinzi za kazi za zamani kabisa, za wale watu waliokwenda magharibi ya Amerika kuchimba madini, kujenga reli na kuchunga ng'ombe, miaka mia na zaidi iliyopita. Suruali zilizotoboka magoti! Makoti yaliyoliwa na panya! Akiipata moja anaipima, anahesabu mishono, anauchunguza uzi, kisha anashonesha mpya zinazofanana nayo mpaka vile vijisumari vya shaba vya kubana mifuko. Na kuna watu wazima, wenye akili zao, wanaozingoja miezi sita.

"Donc, yaani watu wanataka nguo ya maskini?" Nsimire aliuliza.

"Ya maskini aliyekwisha kufa," Birindwa akajibu. Walicheka mpaka wakafuta machozi.

Karakanani walikuwa watatu tu. Wa tatu alikuwa Rutebuka, mtu wa miaka thelathini na kidogo, kutoka milima ya juu ya Kivu ya Kusini. Alikuja hajui hata kutia uzi kwenye sindano, na Birindwa ndiye aliyemfundisha yote: kupinda mshono, kuficha fundo, kutia kiraka kisionekane. Na tusidanganyane hapa. Huko nyumbani, watu wa Birindwa na watu wa Rutebuka walisemana vibaya, na hawakuishia kwenye kusemana. Lakini Louisville waliimba kwaya moja, watoto wa Rutebuka wakimwita Birindwa baba mkubwa, na mchungaji akipenda kuwatolea mfano mbele ya watu.

Mwaka wa pili wakiwa pamoja ikaja suruali kutoka mji wa Buffalo. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mweusi wa mtaa wa East Side, Bibi Lorene, ambaye babu wa mama yake alikwenda kuchimba fedha huko Colorado, mgodi ukamwangukia. Ndiyo aliyokuwa ameivaa siku hiyo. Bibi alikuwa amekataa kuiuza kwa mtu yeyote, ila alikubali kumwazima Wendell kwa wiki sita ili aigeze. Ilikuwa na tope lililokauka kama ukoko wa ugali, matone ya nta ya mshumaa kwenye paja la kulia, na mpasuko chini ya mfuko. Wendell aliwaita mafundi wake wawili, akawaambia, "Hii ni hazina ya familia. Mnaitunza kuliko macho yenu." Basi. Hakuongeza neno, kwa sababu huko kwao hakuna mtu ambaye lingemjia wazo la kuongeza, 'Msiifue.'

Wiki ya sita ikafika, vipimo vimeshachukuliwa, suruali inarudi kwa mwenyewe. Na Birindwa akaanza kukosa raha. Kwao kitu ulichoazima hakirudi kichafu. Ukiazima sufuria, unairudisha imesuguliwa mpaka chini. Ukiazima koti la harusi, unalirudisha limefuliwa na kupigwa pasi, na kama kuna kifungo kilicholegea unakikaza, maana kumrudishia mtu nguo na uchafu wake ni kumtukana. Sasa mama mzima, mzee, arudishiwe suruali ya babu yake na tope? Wendell hakuwa na mke wa kumkumbusha, maskini.

Ijumaa jioni, wenzake walipotoka, Birindwa alichukua ufunguo wa kabati kwenye msumari ulio karibu na cherehani ya Rutebuka, akaitia suruali katika mfuko, akaenda nayo nyumbani. Jumamosi aliifua kwa mikono yake mwenyewe ndani ya beseni, kwa sabuni ya kipande, akibadilisha maji mara saba. Nta aliikwangua kwa kisu, iliyobaki akaitoa kwa karatasi na pasi ya moto. Mpasuko aliuziba kwa kiraka, vizuri sana, sana. Akamaliza kwa kuipiga pasi mpaka mguu ukasimama na mstari mmoja ulionyooka. Nsimire alimsifu. Jumatatu alitangulia kazini, akairudisha kabatini, akakaa kwenye kiti chake akingoja kusifiwa.

Wendell alifungua kabati saa mbili na nusu. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, na goti lake lile, suruali mapajani mwake, akaanza kulia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Nani?" akauliza. "Nani amefanya hivi? Miaka mia na thelathini haikuguswa na maji. Tope lile lilikuwa la mgodi wenyewe! Nani?"

Yesu wangu! Birindwa alitaka kusema ni mimi, kweli alitaka, lakini akaona maboksi ya ghalani yanamngoja, akajiona akimweleza Nsimire, na neno likakwama. Wendell alimtazama Rutebuka, kwa sababu mtunza ufunguo alikuwa Rutebuka.

"Si miye," Rutebuka alisema. Basi.

Wendell akamgeukia Birindwa. "Je, wewe unajua lolote?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kunyamaza tu kungetosha kuwa dhambi, lakini Birindwa aliongeza. Alisema, akitazama sakafu, "Ufunguo anautunza yeye. Na hawa watu wa milimani, si unajua, wanafanya mambo yao." Hawa watu! Maneno ambayo hakuyasema tangu avuke mpaka yalitoka kinywani mwake yenyewe, laini, kama yalikuwa yanangoja mlangoni. Wendell hakuelewa uzito wake. Rutebuka alielewa. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akamwambia Birindwa kwaheri kaka, akatoka.

Mwisho wa mwezi alihamia Columbus na mkewe Yudita na watoto, kwa shemeji yake, akapata kazi ya ghala.

Kanisani watu waliuliza, na Birindwa alijibu kwamba ni mambo ya kazi. Chakula kilianza kumshinda. Alipomwambia Nsimire ukweli, Nsimire aliacha kupeta maharage na kusema, "Baba Aganze, na ile sifa niliyokupa, unirudishie." Siku tatu hakumsemesha.

Wendell alikuwa amempigia Bibi Lorene akamweleza yote jinsi alivyoyajua yeye, na bibi alisema tu arudishiwe nguo yake. Lakini goti la Wendell lilikuwa limefanyiwa upasuaji, hawezi kuendesha gari masaa manane. Akamkabidhi Birindwa sanduku. "Wewe ndiye ninayekuamini," alimwambia, na Birindwa akatamani sakafu immeze.

Alitoka Louisville alfajiri. Columbus iko njiani, na alikuwa ameapa kwamba atasimama, atasema, atapiga magoti ikibidi. Rutebuka alimfungulia mlango, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu, akamkumbatia. Yudita alitoka jikoni anakimbia.

"Baba Aganze! Umeendesha safari yote hii kuja kutuona? Kumbe bado tuna watu!"

Alileta chai ya maziwa. Birindwa alikunywa akiangalia mikono ya Rutebuka, vidole alivyovifundisha sindano, sasa vimepasuka kwa karatasi ya maboksi. Walizungumza kuhusu shule, baridi, bei ya nyumba. Kikombe kikaisha. Rutebuka alimwambia mkewe, "Ongeza kaka chai." Akaongezewa, akanywa na hicho, Rutebuka amekaa mbele yake na mikono magotini. Birindwa alifungua kinywa akasema barabara ni ndefu, bora aende. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili! Ndani ya gari alijipiga kofi la shavu, la kweli, mpaka mwanamke wa gari la pembeni akashtuka.

Bibi Lorene alikuwa mfupi, mwembamba, sweta la kijani, nyumba safi. Hakumpa kiti. Alifungua sanduku mezani, akaitoa suruali, akaikunjua, na alipouona ule mstari wa pasi alifumba macho. Kisha aliipeleka usoni na kuinusa.

"Sabuni," alisema. "Mama yangu alikuwa akiniruhusu kuinusa siku ya Krismasi tu. Udongo na jasho. Ndiyo yote tuliyokuwa nayo yake. Hatuna hata picha."

Birindwa alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Ni mimi. Mimi niliifua."

"Wendell aliniambia ni kijana mmoja."

"Nilimsingizia. Kijana hana kosa. Ni mimi, kwa mkono huu."

Bibi aliilaza suruali mezani. "Kwa nini uliifua?"

"Kwa heshima, mama. Kwetu nguo ya watu hairudi chafu."

"Kwa heshima," bibi akasema. "Mjane wake aliishi miaka hamsini baada yake, akifulia Wazungu nguo kila siku ya Mungu. Hii hakuifua. Unajua kwa nini?"

Birindwa alijua. Sasa alijua vizuri kabisa, akaanza kulia mbele ya mama asiyemfahamu, bila hata leso.

"Usinililie," bibi akamwambia. "Kosa la kufua nalielewa, na litaniuma mpaka nife. Lakini huyo kijana yuko wapi?"

"Columbus. Anabeba maboksi."

"Na umepita Columbus kuja hapa?"

Bibi akamsukumia simu yake ya mezani. "Mpigie Wendell. Hapa hapa, nikisikia."

Akapiga. Alisema yote, hata lile neno la 'hawa watu', na akaeleza maana yake. Wendell alisema, "Nitampigia arudi. Na wewe uwepo Jumatatu, kuna suruali arobaini zinangoja, na hakuna mwingine anayeweza mshono ule." Hakumfukuza. Birindwa alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na kutofukuzwa kulimchoma vibaya zaidi.

Alilala kwa watu wa kanisa huko North Buffalo, na kesho yake mchana alikuwa tena Columbus. Safari hii hakungoja chai. Alimkuta Rutebuka chini, kwenye maegesho, anashusha mifuko ya sokoni, akamwambia palepale, amesimama, bila kujitetea.

Rutebuka aliweka mfuko chini. "Mi nilijua, kaka."

"Ulijua?"

"Kile kiraka! Wendell anaona mkono wako na wangu ni mmoja. Miye nimekaa karibu na mkono wako miaka miwili. Nilijua siku ileile."

"Basi mbona hukusema?"

"Ningesema ni weye, weye ungesema ni miye. Bon, basi Jumapili kanisa lote linakaa pande mbili, wenu huku, wetu kule. Nimezika watu kwa sababu ya maneno madogo kuliko hayo." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikasema, kaka atasema mwenyewe. Nikangoja. Jana nimekuongezea hata chai."

Birindwa alimsogelea. "Wendell anakuita urudi. Rudi, nakuomba. Kiti changu nitakupa."

"Amenipigia. Nimekataa. Siwezi tena kushona nimekupa mgongo bila wasiwasi." Akaokota mfuko wake. "Kitu kimoja tu nakuomba. Usimwambie Yudita."

"Lazima ajue, Rutebuka. Nataka ajue."

"Weye unataka. Yeye watu wa kuamini wamemwishia, amebaki na weye. Hilo utalibeba peke yako. Panda juu, chakula kiko tayari."

Walipanda ngazi. Yudita alikuwa ameandaa wali, maharage na kuku mzima, mgeni akapewa paja na kiti cha mbele. Watoto walikuja mmoja mmoja kumpa mkono baba mkubwa. Kisha Yudita alisema wamwombee safari, wote wakashikana mikono. Mkono wa kushoto wa Birindwa ulikuwa ndani ya mkono wa Rutebuka.

"Bwana," Yudita aliomba, machozi yakimdondoka, "walimwengu walitusingizia wakatutupa. Lakini ndugu huyu hakutukana. Amekuja jana, amekuja na leo. Umbariki, Bwana, umpe kama alivyotupa sisi."

Wakamngoja mgeni aitikie kwanza, kama ilivyo desturi. Rutebuka naye alingoja, macho wazi, akimtazama.

"Amina," Birindwa akasema.