Birika la Mama Mkwe

Fundi alilitambua birika kabla ya kumtambua aliyelileta. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba, umebanana kama nywele zilizosukwa, na mikono iliyouzungusha ilikuwa ya marehemu baba yake. Naye alikuwa fundi bati. Alimpa birika lile alipoolewa, akasema, "Mwanangu, wachemshie watu chai, hawatakusahau." Kweli hawakumsahau, ila si kwa chai.

Sasa lilikuwa mezani pake, jeusi kwa masizi, na mbele ya meza alisimama aliyekuwa mama mkwe wake, akijipepea kwa ncha ya mtandio. Hakumjua. Miwani ya kazi na kitambaa cha puani vilimficha fundi, na mwili nao ulikuwa umeongezeka. Sokoni walimwita Mama Lehemu. Mtoto hakuwa naye, lakini masufuria aliyoyafufua hayakuwa na idadi.

"Wenzako wote wameniambia nilitupe," alisema mama mkwe. "Eti limechakaa, limetoboka kitako. Lakini mimi nalipenda, fundi. Chai yake haina mfano."

"Haina mfano," fundi alirudia polepole.

Miaka ile, mume wa fundi alipougua tumbo, mama huyuhuyu alisimama uani mbele ya majirani, akatangaza kwamba mkazamwana ametia dawa kwenye birika amfunge mwanawe. Mume alipona, maneno hayakupona. Fundi alitoka nyumba ile na nguo za mwilini tu, birika likabaki. Baba yake alikwenda kaburini akisikia mwanawe akiitwa mchawi, na hilo ndilo lililokuwa halijapoa moyoni.

Wazo lililomjia kwanza lilikuwa nta. Angeziba tundu kwa nta na masizi, lishike maji baridi hapa, kisha liachie jikoni kwa mwenyewe. Alikuwa ameshakikamata kipande cha mshumaa. Akakirudisha, na si kwa huruma. Mguu ulioungua hupona, na tena bibi huyu angepata la kusema.

"Kaa, mama," alisema. "Si kazi ndefu."

Akalipiga msasa mpaka bati likang'aa kuzunguka tundu, akapaka dawa ya kulehemia, akachukua chuma kilichoiva kwenye makaa na kuyeyusha lehemu juu yake. Ilitandaa, ikameza tundu lote. Alifanya kazi nzuri kupita kawaida. Kisha akatia maji, akalibandika birika jikoni, akaomba majani ya chai na sukari kwa jirani yake mshonaji, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia. Redio alileta, na alipoona macho ya mwenzake hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa mlangoni.

Chai ilipoiva, fundi alimimina kikombe kimoja. Akavua miwani na kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama mkwe aliitikia kwa mazoea, kisha kinywa kikabaki wazi.

"Hili ndilo birika ulilosema nimetia dawa?"

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Nimeuliza birika."

Kinyozi wa kibanda cha pili alikuwa ameacha kunyoa, mteja wake amegeuka, nusu ya kichwa haijanyolewa.

"Ndilo," alisema mama mkwe.

"Na umenywea humo miaka yote, wewe na mwanao na wageni wenu. Basi kunywa. Kama lina dawa, usinywe, niliponde hapahapa. Kama halina, kunywa hawa waone."

Mama mkwe alitazama mlango. Redio alikuwa ameujaza. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, nyingine ikamwagikia kifuani.

"Lilikuwa na dawa?"

"Halikuwa nayo."

"Ulijua?"

"Nilijua." Sauti ilikuwa imekwisha. "Mwanangu alikuwa hasikii la mtu ila lako. Nilikuwa mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Fundi alimsikia, na hakulainika hata kidogo. "Sema kwa nguvu. Redio hajasikia."

"Nimesikia," alisema Redio, "lakini aseme."

Akasema tena, soko likasikia. Kisha akalisukuma birika. "Baki nalo. Ni la baba yako."

"Lichukue. Wageni wakija wamiminie humo, wakuulize habari zake."

Akalichukua. Kabla hajafika mtaani kwake, habari zilikuwa zimefika, zimekaribishwa, zimepewa kiti.

Baada ya muda mume wa zamani alikuja, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Mama hatoki nje, alisema. Akienda bombani wanamuuliza leo ametia nini kwenye birika. Amekonda. "Njoo umwambie yameisha."

"Siku ile uani," fundi alimuuliza, "wewe ulisema nini?"

Alitazama viatu vyake. "Sikusema kitu."

"Basi na mimi sina la kusema."

Alisimama kidogo, kama anayengoja kubembelezwa, kisha akaenda zake. Fundi akainamia sufuria ya mteja na kuendelea kupiga msasa. Mchana ule njaa ilimshika vizuri. Alikula sahani nzima, akaomba kuongezwa.