Rekodi ya Mwinshehe

Pale chuoni Kilosa, kwenye ukuta wa stoo ya michezo, jina la Mwinshehe lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya bluu: kuruka wima, sentimita sabini na nne. Herufi zilipindapinda, maana aliyeziandika ni yeye mwenyewe, na mkono wake ulizoea kudaka mpira wa kikapu kuliko kushika brashi. Lakini Mabwerebwere nzima, mtaa wao, ilijua kwamba jina liko pale. Akipita sokoni, watoto walimwita Rekodi. Mama muuza mihogo alimwita Rekodi na kumwongezea kipande. Hata mjomba wake, mtu asiyejua kikapu kingine zaidi ya kile cha kubebea nyanya, alikuwa akimtambulisha kwa wageni kwa jina hilo.

Tuseme ukweli, hakuwa na kingine. Darasani alikuwa wa kuburuzwa, na uwanjani hakuwa mfungaji wa kutegemewa. Ukimwondolea zile sentimita unabaki na kijana mrefu mwenye hasira za karibu, na wa aina hiyo Kilosa wamejaa. Yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana siku aliyomwona Saitabau akiruka, aliliona jina lake likifutwa ukutani.

Saitabau alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Kimamba. Alikuja chuoni mwaka huo pamoja na dada yake, Naserian, na mpira wa kikapu alikuwa hajawahi hata kuushika. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa kukera. Ukimtania anacheka nawe, ukimtukana anakutazama kama anayesubiri umalize ili aendelee na shughuli zake.

Kila muhula ukianza, Kocha Editha aliwapima wachezaji wake kwa kunyanyua vyuma, kwa mbio za kuzunguka koni, na mwisho kwa kuruka wima. Huko kwenye kuruka unapaka chaki vidoleni, unasimama kando ya ukuta, unanyoosha mkono na kuacha alama. Kisha unaruka na kuacha alama ya pili juu kadiri unavyoweza. Kocha anapima nafasi iliyo katikati, na hiyo ndiyo kuruka kwako. Hapo hakuna refa wa kumlaumu.

Kwenye vyuma Mwinshehe aliwaacha wote mbali. Kwenye koni walikimbia wawili wawili, na yeye akapangwa na Saitabau. Walipofika kona ya mwisho bega kwa bega, Mwinshehe alimchomekea kiwiko cha mdomo. Mtu akaenda chini kwa uso. Jino lilikuwa limepasua mdomo wa chini, na damu ikalowanisha fulana mpaka kiunoni. Saitabau akainuka, akatema, akamaliza mbio zake.

"Bahati mbaya, kaka," Mwinshehe alisema.

"Yameisha," Saitabau alijibu, na kweli usoni yalionekana yameisha. Mwinshehe alichukia kuliko kama angetukanwa.

Ukafika wakati wa kuruka. Saitabau, mdomo umevimba, alipaka chaki akasimama ukutani. Hakuchuchumaa wala hakurusha mikono kama wenzake. Alisimama wima, magoti yamenyooka, akaanza kudunda palepale, visigino visiguse chini, kama wanavyoruka vijana wa kwao kwenye sherehe. Mara ya kwanza watu walicheka. Akapanda zaidi, wakapunguza kucheka. Alipogusa ukuta hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kocha Editha akapanda kwenye kiti na futi yake, akapima, akapima tena.

"Themanini," alisema taratibu.

"Si halali!" Mwinshehe alipiga kelele. "Kocha, kadundadunda huyo! Wote tumeona!"

Alisema kweli, na Kocha Editha hakuwa mtu wa kupindisha kanuni kwa sababu ya huruma. "Kanuni ni kuruka mara moja kutoka kusimama," alimwambia Saitabau. "Hii siiandiki. Jumamosi tunakwenda Mikumi, wapimaji wa kanda watakuwepo. Utaruka kama wenzako. Atakayeshinda huko ndiye ambaye jina lake litakaa ukutani."

"Sawa, Kocha," alisema Saitabau.

Wiki nzima alifanya mazoezi ya kuruka kutoka kusimama, na wiki nzima Mwinshehe alikuwa akimtazama kupitia dirisha la bweni. Cleopa, aliyelala kitanda cha juu yake, hakumwonea huruma. "Oya Rekodi, anza kutafuta jina jingine mapema, mwanangu." Mwinshehe alicheka pamoja naye. Halafu akatoka nje na kuupiga ngumi mlango wa stoo mpaka vifundo vya vidole vikachubuka vyote.

Jumamosi walifika Mikumi jua likiwa limeshapanda. Uwanja ulikuwa jirani na barabara kuu, malori ya kwenda Iringa yakipita yanapiga honi. Asubuhi walipimwa vyuma na koni. Mchana, wenzake wakila, Mwinshehe alimwona Saitabau peke yake kwenye ukuta wa kupimia, akijaribu. Alisimama, akajikunja kidogo, akaruka mara moja tu. Hakudunda. Mkono wake ulifika palepale ulipokuwa ukifika kwa kudunda, au Mwinshehe aliona hivyo, na mtu mwenye hofu huona mengi.

Aliokota chuma cha dambeli kwenye vifaa walivyoshusha, kile kifupi cha katikati ambacho hakijawekewa mizigo, akakificha kwenye taulo. Hesabu yake ilikuwa ndogo. Atampiga mguuni mara moja, achechemee wiki mbili, basi. Si kumuua. Alijiambia hivyo njia nzima, si kumuua, kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kujisifia.

Saitabau alikuwa nyuma ya vyoo, kwenye simtanki linalovuja, akinawa uso. Hapo maji yalikuwa yameotesha majani mabichi, wakati kote kwingine Mikumi ilikuwa imekauka. Mwinshehe alinyanyua chuma. Labda alikanyaga tope kwa kishindo, labda mtoto wa wafugaji ana masikio ya nyuma, maana Saitabau aligeuka akiwa bado ameinama, na pigo lililokusudiwa mguu likaishia begani.

Saitabau alilia mara moja tu. Baada ya hapo ukawa ugomvi, na Mwinshehe aligundua akiwa amechelewa kwamba alikuwa amemvamia mtu aliyekua akicheza kwa fimbo tangu hajaota meno ya utu uzima. Pigo la pili lilikuta hewa. La tatu Saitabau alilipokea kwa mkono, akausokota ule wa Mwinshehe mpaka chuma kikaanguka kwenye tope. Kichwa kikamgonga Mwinshehe puani. Alisikia mfupa ukilia ndani ya uso wake mwenyewe. Akarusha ngumi, ikampata mwenzake palepale mdomoni penye kidonda cha mbio za koni, damu ikawarukia wote wawili. Wakashikana, wakagongana na simtanki, wakaanguka. Mwinshehe alimng'ata sikio. Saitabau akamtia kiwiko cha mbavu, kimoja, kingine, kingine, mpaka meno yakaachia. Kisha akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaukunja ngumi juu.

Mwinshehe aliona ngumi ile na akajua imekwisha. Hakuwa na pumzi hata ya kuomba.

Ngumi haikushuka. Saitabau alihema, akamtazama muda, akamwachia koo. Akainuka, akarudi nyuma hatua moja, akainama. Akakwangua chini kwa mkono wa kulia, akaunyoosha kuelekea kwa Mwinshehe, ngumi imefumbwa, huku akisema maneno kwa lugha ya kwao kupitia ule mdomo uliopasuka.

Sasa, Mabwerebwere kila mtoto anajua kwamba mtu akiinama katikati ya ugomvi anaokota mchanga wa kukumwagia machoni, na ukishapofuka ndiyo umekwenda. Mwinshehe mwenyewe aliwafanyia hivyo wengi. Damu ilikuwa imemjaa machoni, aliona ngumi iliyotoka ardhini inamjia, basi. Mkono wake ulikuwa karibu na chuma. Alikikamata kwa mikono miwili na kukizungusha akiwa bado amekaa kwenye tope, kwa nguvu zote zile zilizoshinda vyuma vya asubuhi, kikatua kwenye goti.

Lilikatika kama kuni. Saitabau akaanguka kwa ubavu, na Mwinshehe akapiga tena palepale, kwa sababu tu pigo la kwanza lilikuwa limeshapigwa.

Halafu akakimbia. Alinawa kwenye bomba la uwanjani, akajaza pua vipande vya taulo, na hakupata hata nafasi ya kufikiri, jina lake likaitwa. Kocha Editha alimwangalia uso.

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza chooni, Kocha."

"Unaweza kuruka?"

Aliweza. Alipaka chaki. Damu ilikuwa inamchemka mwilini, moyo unataka kutoka. Alijikunja, akaruka, na ukuta ukashuka mbele ya uso wake kwa namna ambayo haujawahi kushuka. Mpimaji wa kanda akapanda kwenye ngazi, akasoma, akaomba mwenzake naye asome.

"Themanini na mbili."

Uwanja ukalipuka. Cleopa alikuja mbio akamrukia mgongoni. "Rekodi! Rekodi!" Kocha Editha, mwanamke asiyecheka hovyo, alikuwa anacheka. "Umempita hata Saitabau na madundo yake!" alisema, na akageuka kumtafuta Saitabau amtanie.

Mwinshehe alitazama alama yake pale juu. Hakuna aliyempa zile sentimita. Zilikuwa miguuni mwake asubuhi, zilikuwemo wiki nzima akichungulia dirishani. Angekuja tu akaruka. Hapo hapo akasikia Naserian akipiga yowe nyuma ya vyoo.

Vijana wanne walimleta Saitabau juu ya mlango wa bafu waliouong'oa kwenye bawaba. Mguu wa kulia wa Saitabau ulikuwa umepinda kwenda upande ambao goti halipindi, na mfupa mweupe umechungulia. Uso ulikuwa wa majivu. Naserian alikuwa akitembea pembeni, bado na jezi ya timu ya wanawake, na alipoona tope kwenye kaptula ya Mwinshehe hakuuliza mtu. Alimfuata moja kwa moja akampiga kofi, akampiga jingine, akamshika shingoni kwa kucha, mpaka Kocha Editha na Cleopa wakamvuta.

"Wewe!" alisema. "Umempiga mtu aliyekushikia majani?"

"Majani gani? Alitaka kunimwagia mchanga machoni!"

"Mchanga?"

Naserian alirudi kwenye mlango, akaushika mkono wa kaka yake ambao ulikuwa bado umefumbwa, akaufungua kidole kimoja kimoja mbele ya watu wote. Ndani yake mlikuwa na majani mabichi, na mizizi yake, na udongo kidogo uliokuja na mizizi.

"Kwetu mtu akikunyooshea majani, ugomvi umekwisha," alisema. Alikuwa analia sasa, na kila neno alilisukuma. "Hata mtoto anayechapwa na baba yake, akinyofoa majani fimbo inashuka. Alikuwa ameshakushinda. Alikuwa anakuomba myamalize. Unasikia? Alikuwa ameshakusamehe ndiyo ukamvunja."

Cleopa, aliyekuwa amesimama kando ya Mwinshehe, akasogea mbali naye.

Habari ilikuwa imeshavuka barabara. Vijana wa Kimasai wanaolinda nyumba za wageni pale Mikumi waliingia uwanjani kwa kundi, shuka zimefungwa kiunoni, na mbele yao alikuwa Kisio, wa rika moja na Saitabau. Alitazama goti, akatazama ukutani alikosimama Mwinshehe, na hakuhitaji kuonyeshwa zaidi. Watu wakampisha. Kocha Editha alijitia katikati, akasogezwa pembeni kwa adabu kama mtoto. Kisio akanyanyua rungu, na Mwinshehe akabandika mgongo ukutani, chini ya alama yake, akafumba macho.

Sauti ya Saitabau ilitoka pale mlangoni, nyembamba, kwa lugha yao. Kisio akajibu kwa ukali bila kugeuka. Saitabau akarudia maneno yaleyale.

"Anasema nini?" Kocha Editha aliuliza.

Naserian alijifuta pua kwa mkono. "Anasema majani ameshayatoa. Hayarudishwi. Asiguswe mtu."

Rungu lilikaa juu muda. Kisha likashuka. Akalichomeka kiunoni, akaenda kushika pembe ya mlango, na wenzake wakamfuata. Mpimaji wa kanda alikuwa ameshafungua gari lake. Wakamwingiza taratibu, na kila lilipotikisika gari Saitabau aliuma shuka ya Kisio asipige kelele.

"Nipigeni," Mwinshehe alisema.

Hakuna aliyegeuka.

"Nipigeni, jamani! Kisio! Kocha! Mimi ndiye niliyemvunja, nipigeni!" Alikuwa anapiga kelele sasa, damu ya pua inamwingia mdomoni. Alimkimbilia Cleopa, akamshika mkono, akautia kwenye uso wake mwenyewe. Cleopa akauchomoa na kuufuta kwenye kaptula.

Kocha Editha ndiye pekee aliyemjibu. "Kaa hapo, polisi wanakuja," alisema, akapanda gari pamoja na mgonjwa.

Gari likatoka kwa honi ndefu, wachezaji wakalifuata kwa miguu mpaka barabarani, na uwanja ukabaki mtupu. Mwinshehe alikaa chini kwenye ukuta. Alijipapasa mikono, magoti, miguu. Kila kitu kilikuwa kizima.