Ng'ombe wa Shemeji

Mume wangu Masalu alifilisika mwaka wa mvua za El Nino, na kama angekubali kufilisika kama watu wengine, leo mkono wake wa kulia ungekuwa unashika kijiko.

Nasema hivi kwa hasira, maana hasira ninayo bado. Alikuwa na lori moja, akipeleka mchele, mafuta ya taa na mabati kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Faida yote akaitumbukiza kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, kwa kuwa aliapa dhahabu iko chini ya miguu yake. Mvua zikaja. Barabara ikakatika, lori likalala ubavu mtoni na mali za watu, duara likajaa maji mpaka mdomoni. Benki ikachukua kilichobaki cha lori. Tukaiacha nyumba ya kupanga Ngokolo mjini, tukarudi kwao Kishapu na magodoro mawili na cherehani yangu.

Hapo ndipo nilipomwambia, "Baba Nelly, nenda ofisi ya kodi ukawaambie biashara imekufa."

"Mtu asiye na kitu anaandika nini kwenye fomu?"

"Andika huna."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Masalu alikuwa amezoea kuitwa bosi, na kwake kusaini karatasi yenye sufuri kulikuwa sawa na kuvua suruali sokoni. Mwaka ukapita bila kupeleka ritani, ile fomu ya mapato na mali, na wa pili nao ukaanza kuyoyoma. Nikaenda mimi mjini.

Faili letu lilikuwa kwa Bi Scolastika, mama mnene mwenye miwani na maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kulifunga faili kwa maneno ya mke.

"Aje mwenyewe aandike hasara yake, asaini. Asipoleta ritani, sisi tunakadiria, na tunakadiria kwa alichoandika mara ya mwisho. Kwenye faili hili lori lake bado linatembea, Mama Nelly. Na ng'ombe wake wote wapo."

"Ng'ombe gani?"

"Arobaini na mmoja."

Zizi letu la Kishapu nililijua. Wetu walikuwa sita. Waliobaki walikuwa wa kaka yangu Nkwabi. Kwetu Usukumani mtu haweki mali yake yote kwenye zizi moja, maana ugonjwa ukiingia, au wezi, utaanza tena na nini? Unampa shemeji yako, unampa rafiki. Anakamua, anachukua samadi, na kijiji kizima kinajua ng'ombe yupi ni wa nani. Hakuna anayeandika. Masalu ndiye aliyeandika. Alipotaka mkopo wa lori, benki ilidai kuona ritani yake, naye akalijaza zizi zima kuwa lake.

Nilipomuuliza, hakukana.

"Nikisema si zangu watanifunga kwa uongo," alisema. "Nikinyamaza watasahau."

"Serikali isahau ng'ombe? Wewe ni mjinga, Masalu."

Alinizaba kofi, la kwanza tangu anioe. Nikaokota kilemba changu, na habari ya ofisi ya kodi haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Hawakusahau. Walikuja asubuhi moja na pikapu: dalali wa mahakama aitwaye Kalisti, vijana wanne wenye fimbo, na askari mmoja mwenye bunduki. Nilikuwa uani natwanga mtama. Hawakupiga hodi wala kutoa salamu. Vijana waling'oa miiba ya lango la zizi wakaanza kuswaga ng'ombe nje. Masalu alitoka ndani akiwa kifua wazi, akasimama mlangoni kama mgeni.

Mimi sikusimama. Nilimshika pembe ng'ombe wa mbele, yule mweupe ambaye Nkwabi alimtenga kwa mahari ya mwanawe, nikamng'ang'ania. Kijana mmoja alinichapa fimbo mgongoni, akarudia, na ya tatu ikanipasua sikio. Nilisikia damu ikiingia kwenye kola ya gauni. Ndipo kutoka upande wa majaruba ya mpunga mtu akapiga mwano.

Mwano ni yowe la wezi wa ng'ombe. Ukilia, hakuna anayeuliza maswali. Unachukua upinde unakimbia. Mtu yule alikuwa ameona wageni wakiswaga mifugo ya watu mchana kweupe, sasa afikirie nini? Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikajibu huku na huku, na kabla pikapu haijageuzwa watu walikuwa wametuzunguka na pinde, marungu na mapanga. Nkwabi alikuwa mbele yao, jasho linamtiririka.

Mshale wa kwanza ulimpata pajani yule aliyenichapa. Alianguka chini akipiga kelele. Askari akafyatua risasi juu, na ng'ombe, ambao hawajui risasi ya juu wala ya chini, wakakurupuka wakampitia kijana yule pale alipolala. Niliisikia mifupa yake. Sitasema nilimhurumia, ila nilitamani sauti ile iishe.

"Sisi si wezi!" Kalisti alipiga kelele, karatasi juu ya kichwa. "Nina amri! Mwenye ng'ombe anadaiwa kodi. Ameandika kwa mkono wake kwamba ng'ombe wote arobaini na mmoja ni wake, na saini yake hii hapa!"

Watu wakatulia. Kamanda wa sungusungu, mzee mwembamba mwenye rungu lililofungwa shaba, aliichukua karatasi, akampa mwanawe aliyesoma. Kijana akasoma kwa sauti. Kisha wote wakageuka kumtazama mume wangu.

"Shemeji," Nkwabi alisema polepole. "Umesaini ng'ombe zangu kuwa zako?"

Masalu angeweza kusema ndiyo, nilidanganya. Angeweza kusema hapana. Badala yake aligeuza shingo. Nilimwona akimtazama askari, na nilijua anachowaza: jela. Jela ilikuwa inamtisha kuliko kifo kilichosimama mbele yake na upinde, na huo ndio ujinga ninaousema.

Nkwabi alimpiga rungu la bega. Masalu akapiga magoti. Teke likampata mdomoni, mwingine akamkanyaga mgongoni, na neno likaanza kupita mdomo kwa mdomo, chinichini kwanza, kisha kwa nguvu: mwizi wa ng'ombe. Kwetu mwizi wa ng'ombe hana kesi. Nimewahi kuona kilichobaki cha mmoja wao kule bondeni, na viatu vyake vilikuwa bado miguuni. Askari alirudi nyuma mpaka kwenye pikapu, akafunga mlango.

"Kaka!" nilipiga kelele. "Huyu ni baba wa wapwa zako!"

"Ameniibia, Paskazia. Kaa pembeni."

Niliona pinde tatu zimevutwa. Mchi wa kutwangia ulikuwa pale nilipouacha. Niliuchukua, nikawapenya, na kwa kuwa nilikuwa na damu nusu ya uso walinipisha. Nikamkamata Masalu mkono wa kulia, nikauvuta nikaulaza juu ya jiwe la mlango wa zizi. Alinitazama. Nadhani alifikiri nimekuja kumnyanyua.

"Huyu hakuvunja zizi la mtu!" niliwaambia. "Hakuswaga hata ndama! Ameiba kwa mkono huu mmoja, kwa kalamu. Sasa tazameni."

Nikaushusha mchi kwa nguvu zangu zote. Kiganja kilipasuka. Nikaunyanyua tena nikapiga kifundo cha mkono, kikalia kama kuni kavu. Masalu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Nilipiga mara ya tatu, na hiyo ya tatu, Mungu anisamehe, sikuipiga kwa ajili ya kumwokoa. Niliipiga kwa ajili ya kofi, na kwa ajili ya lori, na kwa siku zote nilizomwambia aende ofisini akakataa.

Pinde zikashuka moja moja. Mtu akatapika. Kamanda alikuja akainama, akautazama mkono, kisha akamuuliza Masalu, "Ng'ombe ni za nani?"

"Za Nkwabi," alisema mume wangu, na machozi yakamtoka. "Sita ndizo zangu. Nilidanganya."

"Yatosha," kamanda aliwaambia watu wake. "Mkono umelipa."

Kalisti aliondoka na wale sita, na kijana wake nyuma ya pikapu. Kijana alipona, ila hatembei sawasawa. Kesi ya mshale haikupata shahidi hata mmoja.

Baada ya mwezi tulikaa mbele ya Bi Scolastika, mkono wa Masalu umefungwa vijiti na vitambaa. Nilijaza ritani mimi, ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia, yeye akitamka. Lori, hakuna. Duara, hakuna. Ng'ombe, sita, nao wamechukuliwa. Ile ya zamani, yenye ng'ombe arobaini na mmoja, nayo tukaisahihisha.

"Nitafungwa?" Masalu aliuliza.

Bi Scolastika alivua miwani. "Kwa lipi? Watu wanakuja hapa kuficha ng'ombe, baba. Wewe ni wa kwanza kuniletea wa kuazima. Makadirio haya yatafutwa, utabaki na adhabu ya kuchelewa tu, na wale sita wameshailipa. Ungekuja mwaka juzi tungemaliza kabla ya chai." Akasogeza karatasi. "Saini hapa."

Masalu aliangalia mkono wake. Hata kama ungepona, vidole havikuwa na uelekeo tena.

"Hajui kuandika?" Bi Scolastika aliniuliza.

"Anajua," nilisema.

Nilimshika dole gumba la kushoto, nikalibonyeza kwenye wino, nikalibonyeza kwenye karatasi, mara moja kwa kila ritani. Bi Scolastika akapiga mihuri.

Nje kitambaa kilikuwa kimelegea, akanipa mkono nimfunge upya. Sikumwomba msamaha, wala yeye hakunishukuru. Nilipokaza fundo la mwisho alisema, "Ungenivunja siku ile naomba mkopo, Mama Nelly, kabla sijasaini."

Nilicheka, kisha nikalia, pale pale barabarani, nikiwa nimemshika mkono.