Kiraka cha Tyubu

Fundi Nehemiah alikuwa na neno lake moja ambalo Garsen nzima ilishalizoea: nitarudi. Ukimwita kuzibua sinki, atazibua, atanawa mikono, kisha atakuambia kuna kitu kidogo kimebaki, nitarudi. Na kusema kweli hakuwa mwongo, maana mara nyingi alirudi. Tatizo ni zile siku ambazo hakurudi.

Mafuriko yalikuwa yamepungua. Mto ulikuwa umerudi mahali pake ukaacha tope hadi madirishani, na kila shimo la choo mjini lilikuwa limejaa maji pomoni. Mafundi wa bomba walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa amekimbilia Malindi. Kwa hiyo simu ya Nehemiah ililia kutwa. Mojawapo ya simu hizo ilitoka kwa mzee Khalid, mwenye ploti ya vyumba kumi nyuma ya soko la mifugo, akilalamika kwamba choo kimekataa kwenda.

Katika ploti hiyo aliishi Lois, dada yake Nehemiah. Mama yao alipofariki kule kijijini Hewani, Nehemiah alikuwa na miaka sita na Lois kumi na minne. Lois ndiye aliyempikia, akamchapa alipotoroka shule, na akambeba mgongoni msimu ule mto ulipomeza njia. Hata sasa, fundi mzima na ndevu zake, Lois alimwita "mtoto wangu" mbele za watu, naye Nehemiah akaona haya huku akifurahi.

Aliyejenga ploti ile, Mungu amsamehe, alikuwa amekwepa kuchimba mara mbili. Bomba la maji ya kunywa na bomba la choo aliyalaza katika mtaro mmoja, shubiri moja kati yao. Siku hiyo Nehemiah alipokuwa akitafuta mahali palipoziba, mtaimbo wake uliteleza kwenye tope ukapasua bomba la maji. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa kidole. Dawa yake ni kukata pale na kuingiza soketi, kijibomba kifupi cha plastiki cha kuunganishia. Lakini barabara ilikuwa imekatika, malori hayaji, na duka la vifaa lilibaki na misumari na rangi tu. Basi akafanya wanavyofanya mafundi wote wa huko: akachana tyubu ya baiskeli, akazungusha ule mpira kwenye ufa, akakaza kwa waya hadi maji yakaacha kuchuruzika.

"Soketi zikija nitarudi," alimwambia mzee Khalid.

"Na mtaro?"

"Naufukia. Mtoto asije akatumbukia."

Akaufukia. Soketi zilifika baada ya wiki moja. Akanunua tatu, akazitia kwenye mkoba wake wa kazi, na hapo zikakaa. Leo anaitwa huku, kesho kule. Kila mara alipoziona zimelala chini ya msumeno alijiambia kesho, Mungu akipenda.

Wiki ya tatu, watu wa ploti wakaanza kuharisha. Mara mtu wa chumba cha pili, mara wa sita, wanakimbizana chooni usiku na mchana. Jumamosi mtoto mdogo wa Winfred, mama wa chumba cha nne, akafa. Alianza asubuhi, jua lilipotua ameshakwisha, macho yameingia ndani. Jamani, msiba ule! Winfred alilia hadi sauti ikamkauka.

Na watu wakifiwa hutafuta wa kumkamata. Pale langoni alikaa Kanze, mama wa Kigiriama aliyeuza uji na viazi karai, kila chumba kinakula kwake. Nani kawapikia wote? Kanze. Basi imekwisha. Jumapili walipindua meza yake, wakamwaga uji, na sufuria yake wakaipiga teke hadi barabarani. Walimwita mchafu. Wengine walimwita jina baya zaidi, lile ambalo mwanamke mzee akiitwa upande ule halali salama tena. Kanze aliokota sufuria, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Aliyemgongea ni mmoja tu, Lois, akaketi kitandani mwake na kula naye viazi vilivyobaki. Makusudi kabisa, mlango wazi, kila mtu aone.

Jumatatu jioni Lois naye akaanza. Unaweza kujisemea mwenyewe watu walivyosema.

Jumanne asubuhi mzee Khalid akapiga simu tena. Choo kimerudisha uchafu, uwanja wote unanuka. Nehemiah alifika na mkoba wake, na mkononi chupa nne za maji ya dukani. Akaingia kwanza kwa dada yake. Lois alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, na kando yake Kanze ameshika kikombe.

"Mhudumu wa afya ameleta pakiti za dawa ya chumvi," Kanze alisema. "Amesema kila akiharisha, kikombe. Akizidiwa tumpeleke hospitali."

"Maji ya kuchanganyia ni haya," Nehemiah alisema, akiweka chupa chini. "Mnyweshe sana, mama. Usimwachie."

"Mtoto wangu," Lois alisema kwa sauti ndogo, "unanuka choo asubuhi yote hii?"

Nehemiah akacheka. Akaenda zake kazini na moyo mwepesi kidogo.

Jumanne ilikuwa siku ya maji. Mjini maji huja Jumanne na Ijumaa tu, tangu alfajiri hadi saa nne, kwa hiyo ploti nzima ilikuwa imeamka kujaza mapipa na mitungi. Nehemiah alifukua mtaro wake wa siku zile. Bomba la choo lilikuwa limeachia pale kwenye kiungo, na mtaro ulikuwa umejaa maji meusi yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Aliingia na mabuti yake, akaanza kusukuma fimbo za kuzibulia. Saa nne watu wa maji wakafunga.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu Garsen analijua. Maji yakifungwa huko juu huku wenye mifereji ya bondeni wakiwa bado wamefungua, bomba huvuta. Weka kidole kwenye mdomo wa mfereji, utakinyonya. Watoto hulifanya mchezo. Nehemiah mwenyewe alikuwa ameucheza, na kwa miaka kumi na mbili ya ufundi hakuwahi kuufikiria zaidi ya hapo.

Aliona povu la sabuni likielea juu ya yale maji meusi. Likaanza kuzunguka polepole, likasogea hadi juu ya kiraka chake cha tyubu, likazama. Likafuata jani. Jani likagota kwenye waya, likabaki pale linatetemeka. Akainama, akaweka kiganja chake kwenye ule mpira, akausikia ukimvuta ngozi.

Alisimama mle mtaroni na kinyesi cha watu kumi na nane kikizunguka mabuti yake, akamwona mtoto wa Winfred waziwazi kama anavyouona mkono wake.

Tuseme ukweli, mikono yake ilifanya kazi nzuri saa ile. Alifunga koki, akakata lile bomba, akaingiza soketi, akapaka gundi, akalikaza. Muda wa kuchemsha chai tu, basi. Kazi ya wiki tatu aliimaliza ndani ya muda wa chai, na ile tyubu akaikunja akaitia mfukoni. Hakuna aliyemwona.

Lakini mapipa yalikuwa yameshajaa. Maji ya alfajiri yalikuwa yamepita kwanza kwenye lile bomba lililonyonya tangu Ijumaa. Akatoka uwanjani, akapaza sauti: "Jamani, maji ya leo myamwage. Nimegusa bomba, yana kutu."

"Kutu?" alijibu mtu wa chumba cha sita. "Kutu huua? Yaache yatulie, kutu itakaa chini."

"Nimwage pipa zima hadi Ijumaa ninywe nini, fundi?" mwingine akasema. "Mate?"

Wakacheka, wakarudi kwenye shughuli zao. Angewaambia neno moja tu, wangemwaga hadi tone la mwisho. Alilijua neno lenyewe. Lilimfika kooni akalimeza, maana Winfred alikuwa ameketi mlangoni pake, kanga imemfunika kichwa, mtoto wake wa pili amelala mapajani. Nehemiah akajiambia: bomba nimeshalitengeneza. Meza ya Kanze imeshapinduliwa, haipinduki mara mbili. Na Lois ana chupa zake. Hili la mwisho ndilo lililompa nguvu ya kuondoka, na nalisema bila kumwonea: dada yake ana maji salama, wengine atawatafutia ujanja.

Ujanja wenyewe ulikuwa ni kutafuta dawa ya kutibu maji, arudi aitie kwenye mapipa kimyakimya akijidai anayakagua. Alizunguka duka moja hadi jingine. Dawa ilikuwa imekwisha mjini tangu mafuriko. Akaambiwa kuna mtu huko Minjila huenda anayo, akapanda bodaboda, akamkuta hayupo, akamngoja. Alirudi saa kumi na nusu na kichupa kimoja mfukoni, kando ya ile tyubu.

Mlangoni kwa Lois palikuwa na watu. Walikuwa wamesimama wanamtazama Kanze kwa macho mabaya, naye hakuwatazama. Lois hakuwa yule wa asubuhi. Ngozi ya mikono ilikuwa imekunjamana, na pumzi inakuja kwa kuombwa. Kanze alichota maji kwenye mtungi wa njano, akamimina kikombeni, akakoroga, akamwinua Lois kichwa.

"Chupa ziko wapi?" Nehemiah aliuliza.

"Dada yako amesema niwape wa Winfred, yule aliyebaki naye ameanza," Kanze alisema. "Nilikataa, akanikasirikia. Haya ya mfereji yana dawa ya serikali, si ya mto haya. Hata kuchemsha hayahitaji."

Nehemiah aliruka akakipiga kile kikombe. Kikaruka hadi ukutani.

"Mmeona?" mtu alipiga kelele mlangoni. "Mmeona? Hata ndugu yake amejua! Huyu mwanamke anamaliza watu!" Mikono ikaingia, ikamshika Kanze kanga, ikamshika nywele. Kanze hakupigana. Alimtazama Nehemiah.

"Hata wewe, fundi?"

Mtu mwingine angetamani kunyamaza, siku hiyo isonge mbele yenyewe. Nehemiah alitamani hivyo, alitamani sana, kwa muda ambao mtu angehesabu hadi tano. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ile tyubu iliyonuka, akaiinua juu.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Nilipasua bomba la maji nikalifunga na hii nikafukia. Mnakunywa choo, jamani. Mwageni maji. Si uji wa mama huyu. Ni mimi."

Mtu akatoka mbio, ukasikika mtungi wa kwanza ukimwagwa, kisha wa pili, kisha mapipa yakaangushwa uwanja mzima. Waliokuwa wamemshika Kanze walimwachia bila kumwomba radhi, wakawa wanajifuta viganja kwenye nguo. Winfred alikuwa amefika mlangoni. Nehemiah alimngoja ampige, angalau ampige. Winfred aliitazama ile tyubu kwa muda mrefu.

"Hii?" aliuliza. "Mpira huu?"

"Ndiyo, mama."

Winfred akageuka, akarudi kwa mtoto aliyembakia.

Tuktuk ililetwa. Nehemiah alimbeba dada yake hadi barabarani, mwepesi, mguu mmoja ukining'inia, na Kanze akapanda upande wa pili akampakata kichwa. Barabara ilikuwa imejaa mashimo ya mafuriko, dereva anakwepa huku na kule. Walipofika langoni pa hospitali, Kanze aliweka kiganja kwenye kifua cha Lois, akakiacha hapo, kisha akamfumba macho kwa vidole viwili.

Muuguzi alikuja akathibitisha, akawaonyesha benchi la nje wangoje karatasi. Jua lilikuwa linaingia. Nehemiah alilia kama mtoto wa miaka sita, haki ya Mungu, hadi watu waliokuwa kwenye foleni wakageuza nyuso. Kanze hakulia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vyake.

"Ulijua lini, fundi?" aliuliza.

Nehemiah alijua kwamba kuna majibu mawili, na kwamba hakuna mwingine duniani anayeijua saa yenyewe.

"Leo," alisema. "Saa nne asubuhi."

Kanze alirudia kuhesabu vidole, polepole, tangu mwanzo.

"Chupa zilitoka saa tatu, ulipokuwa unachimba," alisema. "Saa nne bado nilikuwa nimempa kikombe kimoja tu cha maji ya mtungi. Baada ya hapo nimempa sita. Alikuwa hataki. Cha mwisho na cha kabla yake nilimfungua mdomo, nikambembeleza, kwa sababu wewe uliniambia nisimwachie."