Mpaka Jua Liguse Kizingiti

Mama yangu, Bertilla, aliishi na presha miaka tisa. Mwezi wa Juni, baridi ilipokaza hapa Chanji, aliviweka vidonge vya hospitali juu ya kabati akaanza dawa ya mizizi ya Mzee Fransisko wa Chala.

"Vile vidonge vinanikojoza kama ng'ombe, mwanangu."

"Nesi alisema usiviache hata siku moja, mama."

"Nesi gani? Yule mtoto? Hata ulezi hajui kupalilia."

Dawa ilikuwa unga mwekundu, wa kukoroga kwenye uji wa ulezi alfajiri. Mwiko wake ulikuwa mmoja: akishakunywa, asizungumze mpaka jua liguse kizingiti.

"Utaitwa," Mzee Fransisko alimwambia mbele yangu. "Usiitikie, hata kama sauti unaijua."

Nilicheka. Lakini siku ya tatu, muda wa mwiko ulipokwisha, mama aliniuliza, "Ulikuwa unaniita kule nyuma ya jiko?"

"Hapana, mama."

"Basi ni marehemu baba yako. Ameniita mara mbili. Sauti ilikuwa ndani ya sikio, inadunda."

Nilimshushia vidonge, akakataa. Alisema akiitwa ndiyo dawa inafanya kazi. Sijui hofu iliniingia lini, ila tangu siku ile nami nikawa naulinda mwiko. Asubuhi nilipita mlangoni pake nikinyata.

Siku ya tisa nilimkuta ameketi kwenye kigoda, ameelekea ukutani, bakuli tupu miguuni.

"Shikamoo, mama." Ilinitoka tu.

Kimya. Nikajilaumu kwa kumjaribu, nikatoka kufagia uwanja. Mara nikamsikia akiguna, chini kwa chini, kisha tena, na tena. Nikajua anaitwa na anajizuia. Nikafagia taratibu, nisimvuruge, hadi jua likafika kizingitini.

"Haya mama, sasa sema."

Aligeuza kichwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja, mate yameilowesha kanga. Macho tu ndiyo yalikuwa mazima. Yalinitazama kama ya mtu aliyeita muda mrefu.

Hospitalini, daktari aliuliza, "Ilianza saa ngapi?"

"Nilikuwa nafagia."

"Hakuita mtu?"

Mama alilala kati yetu, anasikiliza.

Alifariki Jumapili, bila kusema neno.