Bawaba za Mama Theodosia

Tangu kiharusi kimpitie mwezi wa Machi na kumchukulia upande mzima wa kulia, mama Theodosia alikuwa akisema maneno machache, na hayo machache yalitoka yamekatwa mkia. Uji ulikuwa "u". Maji yalikuwa "ma". Binti yake wa mwisho, Notburga, alikuwa akiitwa Notu tangu utotoni, kwa hiyo yeye hakupoteza kitu.

Asubuhi moja ya Septemba, ukungu bado umelala juu ya vilima vya Matogoro na mabati ya majirani yakionekana kama yanaelea, mama alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka wake. Alitazama nyuma ya nyumba, kule kwenye bustani ya mboga, akasema, "Bawa."

"Nini, mama?"

"Bawa. Bawa."

Kaka mkubwa, Aidan, karani wa ofisi mjini, alikuwa amepita na baiskeli yake kuwajulia hali kabla ya kazi. Alishusha kikombe cha chai polepole.

"Umesikia? Sasa anataka mabawa. Mama anaota mchana, Notu. Mimi nimeshasema. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja na pikapu ya rafiki yangu, namhamishia kwangu Ruhuwiko. Kule choo kiko ndani. Hapa hata jiko lake mwenyewe hawezi kulifungua."

"Mama hataki kwenda, kaka."

"Amekwambia?"

"Hajasema."

"Basi," alisema Aidan, akapanda baiskeli.

Na kuhusu jiko hakusema uongo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vibanda vitatu: jiko, choo na banda la simbilisi, vile vijinyama vya kufugwa vinavyofanana na panya. Baba yao alivijenga miaka ile ya shida, wakati bawaba ya chuma ilikuwa kitu cha kuombewa kibali, naye kibali hakupata. Akakata tairi la lori vipande, akapigilia misumari, milango ikashikwa na mpira. Baba alishakufa, mpira ulibaki, ukilegea mvua baada ya mvua. Kufungua mlango wowote pale ilibidi uukumbatie, uunyanyue, uuburute. Mama aliikumbatia milango hiyo miaka kumi kwa mikono miwili. Sasa alikuwa na mmoja. Kila alipotaka kwenda chooni alimngoja Notburga, na akishangoja sana alikuwa akigeuza uso ukutani, machozi yakimtoka bila sauti.

Aidan alipoondoka, Notburga hakuondoka. Alikuwa mtu wa kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kichoke kikajieleza. Akautazama mkono wa kushoto wa mama pale kwenye khanga. Kiganja kilifunguka, kikafunga. Kikafunguka tena, taratibu, kama kitabu cha sala. Kisha kidole kikaelekea jikoni.

"Bawaba!" Notburga akaruka. "Mama, unasema bawaba!"

"Bawa," mama akaitikia, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Mchana ule, Notburga akinyweshea mchicha, macho yalimzidi uzito akiwa amesimama. Akaona milango yote ya Matogoro imebanduka kwenye fremu zake, inapita juu ya migomba pole pole, kila mmoja na mabawa mawili ya chuma, haipigi kelele, na mama anaihesabu kutoka chini kwa mkono wake mzima. Alishtuka ndoo ilipompiga mguuni. Maji yalikuwa yameshakwenda kwa jirani.

*

Miaka hiyo neno lilikuwa moja tu, ruksa, kila mtu auze na anunue atakacho, na maduka ya mjini Songea yalikuwa yamejaa ghafla, kama mtu aliyefumba macho kwenye rafu tupu akafumbua kwenye sherehe. Katika duka la Mwanaisha, mama mmoja wa kutoka Tunduru, bawaba zilining'inia kwenye waya kama samaki wakavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Chukua hizi za dhahabu, zimeingia juzi. Mlango wako utakuwa kama wa bibi harusi."

Zilikuwa za njano, zinang'aa, nyepesi kama ganda la yai. Pembeni yake zilikuwepo za kijivu zisizo na mvuto. Na chini, kwenye kreti, nyeusi nzito zenye ulimi mrefu wa upande mmoja, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole.

Notburga alifungua moja, akafunga. Akaiweka sikioni, akafungua tena. Akainusa.

"Mungu wangu, binti! Unanunua bawaba au unachagua mchumba?"

"Mchumba mbaya unamrudisha kwao, mama. Mlango nitaurudisha wapi?"

Mwanaisha akacheka mpaka akashika meza. "Haya, unataka nini wewe?"

"Moja moja ya kila aina, nikae nayo wiki moja. Zitakazoshindwa nitakurudishia. Nitakayoipenda nitanunua ya milango mitatu."

"Utaifanyia nini wiki nzima?"

"Nitaitazama."

Mwanaisha alimwangalia, halafu akazifunga bawaba tatu kwenye gazeti. "Allah akupe subira hiyo hiyo kwa mumeo."

Nyumbani Notburga alizisugua kwa chumvi, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akazifukia kwenye udongo wa bustani chini ya matone ya ndoo. Wakati zinalala huko, alikwenda kukaa mbele ya mashine ya kusaga. Alijua hakuna mlango unaoteseka kama wa mashine. Wanawake waliusukuma kwa makalio, ndoo vichwani, upepo uliubamiza, unga uliuingia kila mahali. Lakini ulikuwa umesimama wima. Siku ya kwanza aliona bawaba zake zina ulimi mrefu, unaobeba ubao mpaka katikati. Siku ya pili aliona ziko tatu badala ya mbili, na ile ya kati haikuwa katikati, ilikaa jirani na ya juu, maana uzito wa mlango huvuta zaidi huko juu. Siku ya tatu ndipo alipoona hazikushikwa na misumari. Ni bolti, zimetoboa mpaka ndani na nati zake. Mwenye mashine akamuuliza kama amepotelewa na mtu.

Alipofukua kitambaa, ya dhahabu ilikuwa imechubuka ngozi na chini yake nyekundu ya kutu. Pini yake haikuzunguka. Ya kijivu ilikuwa na vumbi jeupe tu, lakini ulimi wake ulikuwa mfupi, si wa kubeba milango ile. Nyeusi ilikuwa na kutu juu juu. Aliifuta kwa tambara lenye grisi, kutu ikabaki kwenye tambara, na ndani ikazunguka bila kusema neno. Akarudi dukani, akanunua nyeusi za milango mitatu na bolti zake.

*

Fundi Makarius alikuja Ijumaa, mzee wa maneno mengi na misumari mdomoni. Alizipenda bawaba, akazipima mkononi. "Hizi zitakuzika wewe na wajukuu zako." Alifunga mlango wa jiko kwanza, bolti kwa bolti, akauinua kidogo usiguse ardhi, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda. Akausukuma tena, kwa kujisifu.

"Mama, njoo ujaribu."

Mama Theodosia alikuja akiegemea fimbo, akaiegemeza ukutani, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akavuta. Mlango ulikuja, mwepesi. Ukaja moja kwa moja upande wake wa kulia, ule uliolala, ukampiga begani. Akayumba. Notburga alimdaka kabla ya chini.

Bandani simbilisi waliendelea kulia. Mama aliutazama mlango kama mtu aliyemkosea, kisha akageuza uso.

"Si kosa la bawaba," Makarius akasema kwa sauti ndogo. "Kazi ni safi kabisa."

Notburga alisimama pale mama aliposimama, akaufunga mkono wake wa kulia ndani ya khanga, akavuta kwa kushoto. Akarudia. Akarudia mara ya nne, macho nusu yamefumba, mpaka mwili wake ukawa mwili wa mama.

"Baba Makarius, tuhamishe bawaba. Zikae huku kushoto. Mlango ufuate mkono wake, usimjie."

"Wewe mtoto! Nimeshatoboa! Milango yote ya mji huu inafungukia huku."

"Mama yangu hafungui milango yote ya mji. Anafungua hii mitatu."

Makarius alitema misumari kiganjani. Alilalamika mpaka jua likashuka, na kesho yake alilalamika tangu asubuhi, lakini alizihamisha zote, na matundu ya kwanza akayaziba kwa vigingi vya mti vizuri kiasi kwamba ungedhani ni mapambo.

*

Jumapili, baada ya misa, pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Aidan alishuka na kamba ya kufungia godoro.

"Mama yuko tayari?"

"Yuko nyuma," alisema Notburga.

Mama Theodosia alikuwa akitembea kwenye njia ya bustani, kati ya figili na vitunguu, fimbo kwapani. Alimwona mwanawe na kamba yake. Hakusimama. Akafika jikoni, akavuta kwa kushoto. Mlango ukamfuata mkono, ukazunguka, ukampisha kama mtu mwenye adabu. Akaingia. Akaufunga.

Aidan alibaki nje. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaisha, ukachanganyika na moshi mwembamba ulioanza kutoka kwenye paa la nyasi. Ndani kilisikika kijiti kikivunjwa, polepole, labda kwa mguu, halafu kingine.

"Notu, atajiunguza."

"Ngoja."

Walingoja muda mrefu. Rafiki mwenye pikapu alipiga honi mara moja, akaacha. Kisha mlango ukafunguka tena na mama akasimama kizingitini, uso umeiva kwa moto, majivu kwenye nyusi, harufu ya uji nyuma yake.

"A-i-dan," akasema, jina zima, silabi kwa silabi, jasho likimtoka. "Kaa. U-le."

Aidan aliitazama kamba mkononi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa. Akaikunja. Akaiweka chini penye nyasi, akavua koti la misa, akainama kuingia.