Mililita Tisa

Dirisha la dawa la zahanati lilikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa imekula chumvi nyingi. Ikianza kuchapisha lebo ya chupa, mtu angeweza kumaliza kikombe cha chai. Mfamasia, aliyehudumia dirisha lile peke yake, alichoka kutazamwa vibaya na foleni, akamwita mdogo wake aliye fundi wa kompyuta. Mtaani walimwita Spidi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Spidi hakukawia. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akapandisha mapigo ya prosesa, ubongo wa mashine, ili ifikiri haraka, kisha akaitwisha hesabu nzito saa nzima. Haikuganda. Lebo zikawa zinatoka chapuchapu, na mwenyewe akavimba kichwa. Alipomwona dada yake bado anaandika kila mgonjwa kwenye daftari kubwa, akacheka.

"Daftari la nini tena, dada? Mashine haikosei. Unaandika mara mbili kama mtoto aliyepewa adhabu?"

Dada naye alikuwa na mkono uliochoka. Akalifungia kabatini.

Wiki tatu baadaye mashine ikaanza kuzimika yenyewe mchana kweupe. Spidi akaja na mkoba wake asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, akidhani ni vumbi tu. Alichomoa kijiti kimoja cha memori, akapima kilichobaki. Kizima. Akabadilisha. Kizima vilevile. Alipovirudisha vyote viwili pamoja, mistari myekundu ya makosa ikaanza kushuka kwenye kioo. Akarudisha mapigo ya prosesa yalivyokuwa zamani, mistari ikakoma. Akapandisha tena, ikarudi.

Ndipo alipoelewa. Katika mashine ile ya kizamani, prosesa na memori hufuata mapigo mamoja; ukimharakisha mmoja umemburuta na mwenzake. Yeye alimpima ng'ombe wa kulia, akamsahau wa kushoto aliyefungwa nira ileile. Fundi wa miaka kumi na mbili, na kosa la mwanafunzi.

Mashine kuzimika ilikuwa afadhali. Kilichomtisha ni kwamba makosa yote yalikuwa ya aina moja: sifuri ikipita pale kwenye ubovu iligeuka nane, na moja iligeuka tisa. Mashine iliendelea na kazi, haikulalamika, ikahifadhi uongo kama ilivyohifadhi kweli.

Angeweza kushusha mapigo na kukaa kimya. Aliliwaza hilo, tena si kwa muda mfupi. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine. Akamwambia dada yake yote, macho yakiwa sakafuni.

Dada hakumfokea. Angemfokea, Spidi angepumua. Alivuta kiti, akaanza kupitia lebo moja moja, maana vipimo vya dawa alivijua kwa kichwa. Mia nne na ushee. Hapa mzee kaandikiwa kupaka dawa ya ukurutu siku 87 badala ya 07, yaani saba tu. Hiyo walimshukuru Mungu nayo. Kisha kidole chake kikasimama.

"Mtoto wa miezi minane," alisema. "Dawa ya degedege. Mililita tisa, asubuhi na jioni."

"Uliandika ngapi?"

"Moja. Niliandika moja."

"Na lebo hukuisoma?"

"Watu walijaa dirishani, mdogo wangu. Nilibandika tu. Si ulisema mashine haikosei?"

Chupa ilikuwa imetoka juzi. Kwenye anwani palikuwa na jina la mtaa peke yake, mtaa wenye maelfu ya watu. Dada akapiga namba ya simu iliyokuwepo. Akapokea mzee.

"Mtoto mchanga? Mama, hapa tumebaki mimi na mke wangu, na yeye ana miaka sabini."

Spidi akaitazama ile namba mara ya pili. Namba nayo ilikuwa imepita kwenye memori ileile. Ilikuwa na nane mbili na tisa moja, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuwa ya uongo. Namba ya kweli haikuandikwa mahali pengine popote, kwa kuwa yeye alilicheka daftari. Akachukua kalamu, akaandika namba saba nyingine zilizowezekana. Nje watu walikuwa wameanza kugonga dirisha.

Ya kwanza haikuwepo. Ya pili iliita mpaka ikakatika. Ya tatu alipokea mwanamume aliyewatukana. Ya nne haikupatikana. Dada alikuwa anabonyeza tarakimu, akikosea na kuanza upya.

Ya tano alipokea mwanamke, akizungumza kwa kunong'ona.

"Ndiyo, mimi ndiye mama yake. Subiri nitoke chumbani, nisije nikamwamsha."

"Mwamshe, mama," dada alisema. "Tafadhali, mwamshe sasa hivi, halafu umlete."

"Jamani, si dawa yenu wenyewe?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyepumzika. "Mwezi mzima hatukupata usingizi humu ndani. Nilitaka hata nije niwashukuru. Tangu jana jioni hata kunyonya hajadai."